Tenga Lililofurika Juu ya Njia

"Simameni! Simameni hapo hapo, mtu asinyanyue mguu!"

Bi Dhanmaya alipaza sauti mpaka kuku wa jirani wakarukia ukutani. Nyuma yake msafara mzima wa posa ukagongana kwenye ngazi za mawe: kaka yake, Mjomba Harkabir, aliyeletwa awe msemaji, mkwe wake Premkala, mke wa mwanawe mkubwa, na sinia la seli kichwani, mikate ya pete ya unga wa mchele, na mwisho kabisa Suhang, mwanawe wa pili, bwana harusi mtarajiwa, kakumbatia chupa ya raksi, pombe ya kuposea, iliyofungwa kitambaa cheupe.

Mbele yao, langoni kwa mama yake, alikuwa amesimama Junkiri. Ndiye waliyekuwa wakija kumposa. Mgongoni kabeba tenga la mianzi, mkanda umemkaa kwenye paji la uso kama wabebavyo watu wote wa milima ya Kalimpong, na habari hana.

"Shikamoo, mama," akasema, akijaribu kuinama na mzigo wake.

"Shikamoo yako kaa nayo! Mgongoni una nini?"

"Tenga, mama."

"Ndani ya tenga mna nini?"

"Hamna kitu. Tupu."

"Tupu!" Bi Dhanmaya akajipiga kifua. "Mmesikia? Kasema kwa kinywa chake! Nimetoka kwangu na chupa ya posa, na wa kwanza kunilaki ni mwali mwenyewe na chombo kitupu!"

"Dada, punguza sauti," Mjomba Harkabir akanong'ona. "Mtoto alikuwa kazini."

"Harkabir, hata wewe? Marehemu baba alirudi njiani kwa sababu ya kindoo kitupu cha maji, sembuse tenga zima! Nyumba hii itanipa wajukuu au upepo? Geukeni, twende zetu!"

"Mama, labda tungeingia tu," Premkala akasema kwa sauti laini, ile sauti ya mtu anayepuliza jeraha huku analibonyeza. "Ingawa kweli, mimi ningeogopa. Ishara kama hii haichezewi."

Junkiri hakuwatazama hao. Alimtazama Suhang. Miaka miwili ya mapenzi, miwili, na leo ndiyo siku aliyomwahidi kila walipoonana.

"Suhang, sema basi neno."

Suhang akaangalia viatu vyake.

"Junkiri... mama keshasema. Nitakupigia simu."

Akageuka na chupa yake. Jamani! Mwanaume mzima, kifua hiki hapa, akapanda ngazi nyuma ya mama yake kama ndama.

Simu ililia kabla jua halijazama.

"Junkiri, mpenzi wangu, nisamehe. Unamjua mama. Kwa mambo ya ishara hapindiki."

"Na wewe unapindika kila upande."

"Nipe muda nimlainishe."

"Suhang, mimi leo nimefukuzwa langoni kwetu. Si kwako, ni kwetu! Mama yangu alikuwa ameshapika. Umeniacha nimesimama na majirani wananitazama. Chukua muda wako wote, mimi sina wa kukupa."

Akakata. Kisha akalia mpaka kamasi zikamtoka, maana alimpenda yule kijana, na kumpenda hakukuisha kwa kukata simu.

Kesho yake bombani wanawake walikuwa wameshampa jina. "Tenga Tupu huyo anakuja," mmoja akasema, wenzake wakaziba midomo kwa shali. Na jina kama hilo kule milimani si mzaha. Msichana aliyekimbiwa na posa kwa ishara mbaya, nani tena atampelekea chupa? Vijana wanakwepa, na mama zao ndio wanakwepa zaidi.

Junkiri akarudi nyumbani na maji nusu ndoo, nusu nyingine kaimwaga kwa hasira.

"Mama, lile tenga nitalijaza."

"Utalijaza nini, mwanangu?" Mama Junkiri akauliza. Alikuwa mjane, mtu wa maneno machache, mkulima wa maua ya kuuza mjini kama nusu ya watu wa kilima kile.

"Maua. Nitalijaza mpaka lishindwe. Waniite tena tupu, tuone."

Mama akamtazama, akaona hatanii. Akaingia bandani akatoka na gunia kuukuu. "Basi ulitandike kwanza kwa gunia na kuvumwani ya mitini, la sivyo udongo wote utakimbia na mvua."

Wakalitandika. Wakatia udongo mweusi wa chini ya miti na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Katikati Junkiri akachomeka vipande vya lile ua linaloning'inia kama hereni, jekundu kwa zambarau. Pembeni akapanda petunia nyeupe, jerani la kutambaa na majani ya fedha yanayoteremka. Hata kwenye matundu ya ubavuni, kati ya mwanzi na mwanzi, akapenyeza miche. Kila asubuhi alikata ncha ili yachipue mawili mawili, na maua ya mwanzo yote akayang'oa.

"Unayang'oa ya nini, na wewe ulitaka maua?" mama akamtania.

"Nataka mengi, mama. Haya machache yananicheka."

Mvua za masika zikaja, zikakaa, zikaondoka. Lo! Tenga likalipuka. Maua yalimwagika pande zote, yakalifunika mpaka usione hata mwanzi mmoja, yakateremka yakaburuzika chini kama nguo ya bibi harusi tajiri. Na hapo ndipo shida ikaanza. Kuku wakayachakura. Mbwa akalala juu yake. Wapita njia wakakanyaga ncha nzuri kuliko zote.

"Hapa chini linaonekana kichaka tu," Junkiri akalalamika. "Ukilitazama kutoka juu huoni linavyomwagika."

Wakaliweka juu ya ukuta, likainama likataka kuanguka barabarani. Wakaliweka juu ya pipa, nusu ya maua ikajikunja nyuma. Mama Junkiri akashika kiuno.

"Hili halitaki kukaa, linataka kuning'inia. Na mti wa kubeba uzito huu hapa siuoni."

Muda wote huo Suhang hakukoma kutuma ujumbe. *Umekula?* *Nimekuona sokoni, umependeza.* *Bado namlainisha mama.* Junkiri alisoma kila mmoja mara tatu na kujibu neno moja: *Sawa.* Mpaka sikukuu ya Dasaini ilipopita na majira ya harusi yakaingia, ndipo simu ikalia mchana akiwa anapalilia.

"Junkiri, kumeharibika." Sauti ya Suhang ilikuwa inatetemeka. "Wanakwenda kunichumbia Jumatatu."

"Nani?"

"Sirjana. Mdogo wake shemeji Premkala. Shemeji ndiye aliyempanga mama, kwamba nyota zetu zimekubaliana. Njia ni hiyo hiyo ya langoni kwenu, hakuna nyingine ya kuteremkia kwao."

Junkiri akatua jembe. Mdogo wake Premkala! Kichwani mwake kitu kikagonga.

"Junkiri, upo? Sikiliza, tutoroke. Leo leo. Tukae kwa rafiki yangu mjini Siliguri, wazee watakuja kukubali wenyewe. Wangapi wameoana hivyo?"

"Mimi si mbuzi wa kuibwa, Suhang. Nitaposwa mchana, mlangoni kwa mama yangu, watu wakiona. Au siposwi."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Njoo na chupa yako Jumatatu kama walivyokupangia. Ukifika langoni kwetu utajua mwenyewe wewe ni mtu gani. Ila ukipita, Suhang, futa namba yangu."

Alipokata, akarudi nyuma kwenye simu yake, kwenye ujumbe wa siku ile ya aibu. Ulikuwapo bado. Premkala alikuwa ameandika: *Junkiri mdogo wangu, nimekuchimbia udongo mzuri wa msituni. Chukua tenga lako tupu uje sasa hivi, usichelewe, watauchukua wengine.* Na aliyeandika, saa hiyo hiyo, alikuwa kwenye msafara na sinia kichwani!

"Mama!" Junkiri akaita. "Njoo usome, uone mtu alivyonifanya mjinga."

Mama Junkiri akasoma polepole. Akarudisha simu. "Kumbe nyoka alibeba mikate. Sasa utafanya nini? Ukimpelekea Bi Dhanmaya leo, mkwewe atasema umebuni."

"Sipeleki kwa mtu. Wanakuja wenyewe."

Jioni ile vijana wa kilimani walikuwa wanaifungua pembea ya Dasaini, ile ya mianzi minne mirefu inayofungwa pamoja juu, ambayo watoto na watu wazima hupanda sikukuu nzima. Walitaka kuikata iwe kuni. Junkiri akawafuata mbio.

"Kaka zangu, msiikate! Nipeni mimi hiyo mianzi."

"Dada Junkiri, unataka kubembea peke yako?" wakacheka.

"Nataka kubembeza kitu. Nisaidieni kuisimika, mama atawapa chai na viazi vya pilipili."

Kwa viazi vya Mama Junkiri kijana gani atakataa? Wakasimika mianzi miwili upande huu wa ngazi za mawe na miwili upande ule, vichwa vikafungwa pamoja, hata mtu yeyote ateremkaye hana budi kupita katikati. Kazi ikawa kulipandisha tenga. Mara ya kwanza likainama, kwa sababu upande uliokuwa ukipata jua ulinenepa zaidi. Junkiri akafungua, akasogeza kamba mbili upande mzito, akaigeuza sura nzuri itazame juu ya ngazi, kule watu watokako.

"Vuteni! Taratibu! Tena! Tena kidogo!"

"Hapa?"

"Hapo ng'ombe watakula. Pandisheni."

"Hapa?"

"Hapo watu hawataona. Shusheni kidogo... Hapo hapo! Fungeni!"

Vijana wakafunga. Kisha wote wakarudi nyuma wakatazama, na mmoja wao akasema tu, "Mama yangu wee." Maana kile kichaka cha kuchakurwa na kuku kilikuwa kimegeuka maporomoko. Maua yalishuka kutoka hewani pande zote, mekundu, meupe, ya fedha, mpaka juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Lilionekana tangu barabara kuu. Dereva mmoja wa jipu alisimamisha abiria wake wapige picha. Na wale wa bombani walipita chini yake shingo zikiwa zimepinda, hakuna aliyetaja tena neno "tupu".

Jumatatu asubuhi Junkiri alilimwagilia maji mpaka likawa linatiririka. Kisha akaingia ndani, akasimama nyuma ya dirisha. Yote yalikuwa juu ya mtu mmoja, na mtu huyo aliwahi kugeuka.

Wakaja. Bi Dhanmaya mbele na shali mpya, Mjomba Harkabir, Premkala na sinia, Suhang na chupa. Bi Dhanmaya alipoinua macho, mguu ukamgandia kwenye ngazi.

"Ni nini hiki?"

"Maua, mama, tupite," Premkala akajibu upesi. "Wanatusubiri."

"Hiki ni chombo, Premkala. Chombo kimejaa." Bi Dhanmaya akasogea polepole, mdomo wazi, akafika chini yake. "Kimejaa mpaka kinamwagika..."

Tone la maji likamdondokea katikati ya paji la uso.

"Haya!" Mjomba Harkabir akapiga makofi. "Dada, umebarikiwa kabla hujaomba! Tangu nizaliwe sijaona safari ya posa ikilakiwa hivi."

"Lakini si nyumba tuendayo," Bi Dhanmaya akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na nguvu. "Ni nyumba ya lile tenga tupu."

"Ndiyo maana nasema tupite haraka," Premkala akasisitiza. "Suhang, tangulia."

Suhang hakutangulia. Alikwenda mpaka langoni, akapiga magoti, akaiweka chupa chini mbele ya kizingiti cha Mama Junkiri.

"Mimi nimefika," akasema.

"Suhang! Inua chupa hiyo!"

"Siinui, mama. Siku ile niligeuka, na tangu siku ile nikijitazama kwenye kioo naona haya. Nakuheshimu, umenizaa. Mkitaka kwenda kwa Sirjana nendeni, lakini bwana harusi amebaki hapa."

Nyuma ya dirisha Junkiri akajishika mdomo. Machozi yalimtoka bila ruhusa. Akayafuta, akachukua simu yake, akatoka nje kichwa juu.

"Shikamoo, mama."

Bi Dhanmaya akaitikia safari hii, kwa shida. "Marahaba."

"Hii kapanga yeye!" Premkala akafoka, sinia likayumba. "Mama usidanganyike! Kalitundika makusudi kwa kuwa anajua tunapita. Ishara ya kutengenezwa si ishara!"

"Kweli nimelitundika makusudi," Junkiri akasema. "Nimelipanda mwenyewe, nimelimwagilia mwenyewe, kilima kizima kimeniona. Mitungi ya maji inayowekwa langoni siku ya harusi, dada Premkala, huwa inajijaza yenyewe? Si watu huijaza ili wageni walakiwe kwa heri?"

"Hilo kweli," Mjomba Harkabir akakubali. "Mitungi ya harusi yangu nilijaza mimi."

"Mimi nimelaki wageni kwa chombo kilichojaa, na sijaficha. Sasa tuulizane kuhusu kile kitupu. Mama, naomba usome hapa. Angalia jina, angalia na siku."

Bi Dhanmaya akaishika simu mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno. *Chukua tenga lako tupu uje sasa hivi.* Alipomaliza, watu wa nyumba za juu walikuwa wameshajaa ukutani.

"Premkala," akasema taratibu, "siku hii ulikuwa nyuma yangu. Ulikuwa na simu mkononi, ukaniambia unamuuliza mumeo atakula nini."

"Mama, mimi... kwa kweli nilikuwa na udongo..."

"Udongo uko wapi?"

Premkala akarekebisha sinia kichwani. Wakati huo huo simu yake ikalia. Kwa kuchanganyikiwa akabonyeza kitufe sicho, sauti ikatoka kwa nguvu wote wakasikia.

"Dada, mko wapi? Mbona hamfiki?"

"Sirjana, subiri, tumesimama kwa akina Junkiri, Suhang kakataa kuondoka..."

"Amekataa? Afadhali! Nilikwambia tangu mwanzo simtaki, dada, ukanilazimisha. Naenda kuvua hizi nguo, zinanibana!"

Kilima kizima kikaangua kicheko. Hata Suhang, magotini pale, mabega yakamtikisika. Premkala akatua sinia juu ya ukuta, akajifunika uso kwa shali, akapanda ngazi kurudi alikotoka bila kuaga.

Bi Dhanmaya hakucheka. Alisimama chini ya maua, maji yakimdondokea begani, hata kusogea hakusogea.

"Nimechezewa kwa imani yangu mwenyewe," akasema. "Nimemfukuza mtoto wa watu langoni kwao kwa neno la fitina. Harkabir, nifanye nini?"

"Dada, umesimama chini ya chombo kilichofurika, na mwanao keshapiga magoti. Nikikuambia upite, nitakuwa mjomba gani?"

Ndipo Mama Junkiri akatokea mlangoni, akasimama, mikono kaikunja kifuani. Hakuitazama chupa.

"Karibuni, wageni. Mmefuata nini?"

Kwa desturi msemaji ndiye hujibu. Mjomba Harkabir akakohoa, akarekebisha kofia. Mama Junkiri akainua mkono.

"Samahani, mjomba, si wewe. Siku ile aliyepaza sauti hapa hakuwa msemaji. Na leo nataka kuisikia sauti ile ile."

Bi Dhanmaya akavuta shali mabegani. Mtu mwenye kiburi kama kile, mbele ya majirani wote, si kazi ndogo. Lakini mara nyingine kiburi kikishavunjika huacha nafasi ya utu, na yeye utu alikuwa nao, tuseme kweli.

"Mama mwenzangu," akaanza, "nilikukosea. Nilimkosea na huyu binti. Nimekuja kukuomba samahani, na nimekuja kumwombea mwanangu mke."

"Majirani wa juu hawajasikia."

"Nimekuja kuomba mke!" Bi Dhanmaya akapaza sauti ile ile iliyorusha kuku. "Nampa Junkiri heshima zote! Nikatae ukitaka, ila nimeomba!"

Vigelegele vikateremka kutoka ukutani. Wale wale wa bombani ndio walipiga zaidi, hivyo ndivyo watu walivyo. Mama Junkiri akamgeukia bintiye.

"Umesikia, mwanangu. Posa ni yako. Unasemaje?"

Suhang akainua uso. Macho yake yalikuwa yanaomba kuliko mama yake. Junkiri akamtazama mpaka roho yake mwenyewe ikatosheka.

"Nimekubali, mama. Karibisha wageni wakae pale barazani, njiani, watu wawaone. Mimi naingia kuoga, kusuka nywele na kuvaa, na sina haraka."

"Junkiri, utatuweka mpaka lini?" Suhang akauliza, huku anacheka na kulia kwa pamoja.

"Mpaka nipendeze."

Wakakaa. Jua likapanda, chai ikaletwa, ikaletwa tena. Junkiri alikaa mbele ya kioo chake, anapitisha kitana polepole, dirisha liko wazi. Kila baada ya muda alisikia mpita njia akisimama ngazini na kuuliza kwa mshangao, "Eh, Bi Dhanmaya, leo wewe hapa? Umefuata nini?" Naye Bi Dhanmaya, kila alipoulizwa, alijibu kwa mdomo wake, kwa sauti ya kusikika ndani:

"Nimekuja kuomba mke. Nimekubaliwa. Namsubiri anasuka nywele."